Uchachu na ukakasi: namna ya kuonja divai za Italia na kuzioanisha na chakula

Italia ina mikoa 20, na hakuna hata mmoja usiotengeneza divai. Kila mkoa una zabibu zake na mapishi yake, na vitu hivyo viwili vimezoeana mezani kwa muda mrefu kiasi kwamba divai nyingi za huko, zikinywewa bila chakula, huonekana chachu au kali kupita kiasi, ilhali zikifuatana na mlo zinaoutarajia hutulia na kuonyesha utamu wake. Kwa sababu hiyo, anayetaka kuzijua divai za Italia azionje akiwa na chakula mbele yake. Tena asianze kwa kusaka harufu za maua na matunda ambazo wauzaji huziorodhesha kwenye chupa, bali ajizoeze kwanza kutambua mambo mawili mdomoni, yaani uchachu na ukakasi.

Uchachu ndio unaofanya mate yajae pembeni mwa ulimi, kama ilivyo kwa mtu aliyeuma embe bichi. Ukakasi hufanya kinyume chake: hukausha mate na kuacha ulimi na fizi zikikwaruza, hali inayojulikana vyema na yeyote aliyekula bibo au kunywa chai ya rangi iliyokaa mno birikani. Chanzo chake ni tanini, ambazo hutoka katika maganda, mbegu na vikonyo vya zabibu na kushikamana na protini zilizomo katika mate. Divai nyekundu huchachushwa pamoja na maganda yake, na nyeupe kwa kawaida hutenganishwa nayo mapema. Ndiyo maana ukakasi ni jambo la divai nyekundu hasa, wakati nyeupe husimama kwa uchachu wake.

Kwa somo la kwanza ninapendekeza chupa nne: Verdicchio dei Castelli di Jesi kutoka Marche na Vermentino kutoka Sardegna kwa upande wa nyeupe, kisha Chianti Classico kutoka Toscana na Barolo kutoka Piemonte kwa upande wa nyekundu. Kama bei ya Barolo ni kubwa mno, Langhe Nebbiolo hutoka eneo hilohilo, kwa zabibu ileile, na hufundisha jambo lilelile. Herufi DOC na DOCG zilizo kwenye lebo zinatokana na mfumo wa kisheria ulioanza mwaka 1963. Huthibitisha mahali divai ilikotoka, aina za zabibu na kanuni za utengenezaji, lakini hazimwahidi mnunuzi kwamba ataipenda.

Joto la divai lishughulikiwe kabla ya jambo lingine lolote, kwani hapo ndipo divai nzuri nyingi huharibiwa. Nyeupe inywewe ikiwa na nyuzijoto kati ya 8 na 12, na nyekundu kati ya 16 na 18. Ule usemi kwamba nyekundu hunywewa katika joto la chumba ulitoka katika nyumba za Ulaya zenye baridi. Katika chumba cha Mombasa au Dar es Salaam chenye nyuzijoto 29, divai hiyohiyo hunuka pombe na kupoteza umbo lake. Chupa ya nyekundu iwekwe kwenye friji kwa nusu saa kabla ya kufunguliwa, wala mtu asione haya kufanya hivyo mbele ya wageni.

Mimina kiasi kidogo, isizidi theluthi ya glasi, kisha uinamishe juu ya kitambaa cheupe. Barolo itakushangaza, kwa kuwa zabibu ya Nebbiolo hutoa divai ya rangi hafifu inayoelekea rangi ya tofali kadiri inavyozeeka, na bado ina ukakasi mkubwa kuliko divai nyingi zilizokoza kama wino. Zungusha glasi, nusa, kisha nywa funda dogo na ulizungushe mdomoni kote, hadi kwenye fizi, kabla ya kulitema. Usiharakishe funda la pili. Subiri uone kama mate yanajaa au yanakauka, na ladha inadumu kwa muda gani. Mkiwa wengi, kila mmoja aandike alichohisi kabla ya kumsikia mwenzake.

Sasa kilete chakula. Verdicchio, yenye uchachu ulionyooka na uchungu mdogo wa lozi mwishoni, inafaa samaki wa kukaanga na kome wa pwani ya Adriatiki, kwani hukata mafuta kama ndimu inavyofanya. Kwa maoni yangu ndiyo divai nyeupe ya Italia isiyopewa heshima inayostahili. Vermentino, yenye harufu ya majani na chumvi kidogo, hulimwa pia Liguria, ambako pesto ya rihani, vitunguu saumu na mafuta ya zeituni ni mlo wa nyumbani, na hakuna haja ya kutafuta mwenzi mwingine.

Chianti Classico lazima iwe na zabibu ya Sangiovese kwa asilimia 80 au zaidi, na Sangiovese ina vyote viwili, uchachu na ukakasi. Uchachu huo ndio unaoiwezesha kukaa na mchuzi wa nyanya, ambao huifanya divai isiyo na uchachu wa kutosha ionekane imepooza. Ukakasi nao hutaka nyama. Onja funda moja, tafuna kipande cha nyama ya ng'ombe ya kuchoma yenye mafuta na chumvi, kisha onja tena: tanini zimepata protini na mafuta ya kushikamana nayo, na divai imelainika. Rudia zoezi hilo kwa Barolo na nyama iliyopikwa polepole kwa saa kadhaa, halafu ionje Barolo hiyo pamoja na dagaa wenye mafuta. Ladha ya chuma itakayokujia mdomoni hutaisahau.

Hata hivyo, kanuni ya nyeupe kwa samaki na nyekundu kwa nyama isishikwe kwa upofu. Katika mji wa bandari wa Livorno hupikwa cacciucco, mchuzi mzito wa samaki, pweza na ngisi wenye nyanya, vitunguu saumu na pilipili, na wenyeji huunywea divai nyekundu changa ya Toscana. Nyanya na saumu ndizo zinazotawala chungu hicho, hivyo divai huchaguliwa kwa kuufuata mchuzi. Pilipili ikizidi, lakini, epuka divai yenye kileo kikali kama Amarone, kwa kuwa kileo huongeza mwako ulimini.

Kinachobaki kizibwe na kuwekwa kwenye friji, hata nyekundu, kisha kionjwe kesho yake pamoja na mabaki ya chakula kilekile. Barolo changa, iliyoutia kinywa ukakasi jana, mara nyingi huwa imelegea baada ya kupata hewa usiku kucha, na maelezo uliyoandika jana yatakuonyesha imebadilika kiasi gani.