Manjano yamegoma kutoka usoni? Anza na mafuta

Mashoga, ukipaka manjano na mtindi ung'ae, ukanawa ukabaki wa njano kama wali wa biriani, usikimbilie sabuni wala dodoki. Paka mafuta ya nazi, sugua taratibu kwa vidole, futa kwa pamba (itatoka ya njano hasa, na masikio usiyasahau), ndipo unawe kwa sabuni. Rangi ya manjano huyeyuka kwenye mafuta. Maji matupu hayaiwezi. Kwenye kucha mafuta hayasaidii sana, subiri zikue. Taulo nyeupe ifue uianike juani, jua huipausha. Uso ukiwasha au kutoa vipele, hiyo si rangi tena, acha kusugua. Na kama una harusi jioni, manjano ya asubuhi achana nayo.