Sahani ya jirani apeleke mtoto

Mwezi wa Ramadhani ukipika muhogo wa nazi, pakua sehemu ya jirani kwanza, kabla ya ya nyumbani, la sivyo atabakiziwa ukoko. Funika kwa kawa, umpe mtoto aipeleke kabla ya adhana ya Magharibi. Mfundishe apige hodi, asimame pembeni ya mlango, aseme: "Shikamoo bibi, mama anakusalimu, karibu futari."

Wangu ana miaka 8. Siku za mwanzo alikuwa ananong'ona kwa aibu. Siku ya kumi alirudi mbio kuniambia bibi wa nyumba ya tatu anakohoa na ndani hana maji. Mlango ule mimi naupita kila siku, sikujua. Tulimpelekea ndoo mbili usiku uleule.

Kwetu chombo hakirudi kitupu, na asiye nacho huhangaika kutafuta cha kurudishia. Basi mtoto asubiri, chakula kihamishwe, arudi na bakuli lake palepale. Mwenye kisukari usimpelekee kaimati, mwekee kipande cha samaki. Na ukiletewa nawe, pokea kwa mikono miwili hata kama jikoni kumejaa.