Mchezo wa Kompyuta Unapojifunga Wenyewe Baada ya Kubadili Skrini ya Kompyuta
Aliyeacha skrini ya pikseli 1920 kwa 1080 akanunua ya 2560 kwa 1440 ameongeza pikseli za kuchorwa kwa takriban asilimia 78, na mzigo huo hubebwa na kadi ya picha, wala si skrini. Kwa hiyo, kabla ya kumrudia muuzaji pale Mwanjelwa, Mbeya, kwa sababu mchezo unajifunga, urudishe kwenye 1920 kwa 1080 na hezi 60, yaani picha kuonyeshwa upya mara 60 kwa sekunde. Mchezo ukiacha kujifunga, punguza ubora wa vivuli, kwani huenda kumbukumbu ya kadi ilikuwa inajaa. Ukiendelea kujifunga, futa faili la mipangilio ya mchezo, ambalo huweza kushikilia vipimo vya zamani, kisha sakinisha upya draiva, yaani programu inayoendesha kadi ya picha. Usisahau joto: baridi ya Uyole, huko huko Mbeya, haipozi kasha la kompyuta lililojaa vumbi; lisafishe. Kompyuta nzima ikizimika, shuku pawasaplai, kifaa kinachoipa kompyuta umeme.