Jinsi ya Kuvipa Vigeu Majina Yanayosomeka

Unapoandika programu ya kutunza hesabu za samaki katika soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, amua kwanza kila thamani itakaa katika kigeu gani, yaani sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta iliyopewa jina, ambayo thamani yake inaweza kubadilika wakati programu inafanya kazi. Jina kama x halimwambii kitu mwenzako atakayeirekebisha programu hiyo mwakani, ilhali uzito_wa_sangara_kg linamweleza aina ya samaki na kipimo pia. Kipimo ndicho kinachosahaulika mno, ingawa kuchanganya kilo na gramu huvuruga hesabu yote bila kompyuta kutoa onyo lolote.

Katika Python, lugha ya kuandikia programu, jina haliwezi kuanza na tarakimu wala kuwa na nafasi ndani yake, na kwa kuwa herufi kubwa na ndogo hutofautishwa, Bei na bei ni vigeu viwili. Waandishi wa Python hutenganisha maneno kwa mstari wa chini. Wa Java, lugha nyingine ya programu, huyaunganisha na kuanza kila neno linalofuata kwa herufi kubwa: beiKwaKilo. Thamani isiyobadilika, mathalani USHURU_KWA_KILO, huandikwa kwa herufi kubwa tupu. Funksheni, yaani kipande cha programu chenye jina kinachofanya kazi fulani, kwa kuwa hutenda, ipewe kitenzi: kokotoa_malipo.