Kabla hujauliza kama samaki anaumia, bana ndoana yako

Anza na koleo. Kabla hujaweka chambo, bana kile kijino cha ndoana kinachoelekea nyuma mpaka kilale kabisa. Ijaribu kwenye kitambaa cha pamba: ikiingia na kutoka bila kuvuta uzi, itamtoka bila kumchana hata samaki unayetaka kumrudisha majini. Miaka mingi nilikataa kufanya hivi kwa sababu niliambiwa samaki wote watachomoka. Wanachomoka wachache, tena ni pale unapolegeza mshipi.

Aliyenitia shaka ni mpwa wangu. Siku hiyo samaki alikuwa amemeza ndoana mpaka kooni, nami naichokonoa kwa vidole huku damu ikimtoka kwenye matamvua. "Mjomba, haumii huyo?" Nikamjibu kama nilivyojibiwa mimi utotoni, kwamba samaki ana damu baridi, hasikii kitu. Hakubisha. Alisema tu, "Sasa mbona anajipinda hivyo?"

Sikuwa na jibu, ikabidi nilitafute. Mwaka 2003 mwanasayansi Lynne Sneddon na wenzake wawili, Uingereza, walimchunguza samaki aitwaye trauti na kukuta kichwani mwake vipokezi 58 vya hisia. Kati ya hivyo, 22 viliitikia vitu vya kudhuru mwili. Trauti wengine walidungwa asidi ya siki mdomoni. Walihema kwa kasi, wakajisugua midomo kwenye changarawe, na wakakaa karibu saa tatu kabla ya kula tena. Waliodungwa maji ya chumvi walirudia chakula baada ya dakika 80 hivi. Kilichoniingia zaidi ni mofini: waliopewa walipunguza kujisugua. Dawa ya maumivu inatuliza nini kwenye mwili usioumwa?

Wapinzani wapo, na si watu wa kubeza. James Rose, mtafiti wa Marekani, alishikilia kwamba samaki hana lile tabaka la juu la ubongo ambalo sisi hulitegemea kuhisi maumivu. Kwake, kujipinda kule ni kama mkono unavyoruka kwenye sufuria ya moto kabla mwenyewe hajajua ameungua. Sawa. Mimi siwezi kuingia kichwani mwa samaki nikahakikisha. Ila nikimtendea kama anayeumia, kisha ikaja kujulikana haumii, nitakuwa nimepoteza dakika chache tu. Nikikosea upande wa pili, hesabu yake ni nzito.

Basi, baada ya koleo, angalia mshipi. Usitumie mwembamba kwa ajili ya ushujaa. Mshipi dhaifu hukulazimisha kumchosha samaki muda mrefu, misuli yake ikajaa asidi, na akifika mkononi yuko hoi. Maji yakiwa ya moto huwa na oksijeni kidogo, kwa hiyo nyakati za joto kali mimi huacha kabisa.

Akishafika karibu, mwache ndani ya maji. Hapa ndipo wengi wetu tunapoua bila kujua. Katika jaribio moja lililochapishwa mwaka 1992, trauti walikimbizwa mpaka wakachoka. Waliobaki majini, 88 kwa kila 100 walikuwa hai saa 12 baadaye. Waliowekwa hewani sekunde 30, walibaki 62. Waliokaa hewani dakika moja, 28 tu. Dakika moja ndiyo ile ya "ngoja, piga na upande huu." Lazima picha? Weka simu tayari kwanza, lowesha mikono, mnyanyue kwa kumshika tumboni na karibu na mkia, kisha mrudishe. Mkono mkavu humvua ute unaomkinga na vijidudu. Vidole visiguse matamvua, na usimning'inize kwa taya.

Ndoana itoe kwa njia ileile iliyoingilia. Kama ameimeza, usifanye kama mimi siku ile: kata mshipi karibu na mdomo, muache aende nayo. Ana nafasi kubwa zaidi ya kuishi kuliko akichokonolewa. Wakati wa kumwachia, mshikilie majini mgongo ukiwa juu, akielekea mkondo unakotoka, mpaka ajiondokee mwenyewe. Usimsukume mbele na nyuma, maji hayakupangiwa kupita matamvuani kinyumenyume.

Wa kilindini ni habari nyingine. Ukimpandisha haraka, kibofu chake cha hewa hutanuka mpaka tumbo linasukumwa nje ya mdomo. Wapo wanaolitoboa wakidhani ndicho kibofu, kumbe ni tumbo la chakula. Mimi nikivua kilindini nimeshaamua kwamba ninayempata ninamla.

Na hilo la kula lina watetezi wake. Ujerumani, sheria ya ulinzi wa wanyama inataka sababu ya maana kabla hujamtia maumivu mnyama mwenye uti wa mgongo, kwa hiyo anayevua kwa nia ya kuachilia tu anaweza kujikuta matatani. Nilicheka nilipoisoma mara ya kwanza. Sasa sicheki sana.

Ukiamua kumla, muue papo hapo. Kumtupa ndooni atapetape ni kifo cha dakika nyingi, na barafu inaweza kumchelewesha zaidi kwa kuwa baridi hupunguza mwendo wa mwili. Tafuta kirungu kifupi kizito, mlaze kwenye kitu kigumu, mpige utosini, nyuma kidogo ya macho. Usipige kwa woga, pigo dhaifu ni mateso ya pili. Kisha mshike umgeuze polepole ubavu hadi ubavu, umtazame jicho. Likizunguka pamoja na mwili, amekwisha. Likijitahidi kubaki sawa na upeo wa maji, bado yumo, piga tena.