Ukishapewa karatasi ya ultrasaundi ya kizazi, anza na milimita

Mimi ni fundi cherehani hapa Mikindani, nina miaka 54. Hedhi ilikoma nikiwa na 51. Msimu wa korosho uliopita nikaona damu kwenye kanga, matone tu, nikasema ni uchovu wa kubangua. Nilikosea. Ukishamaliza mwaka mzima bila hedhi, hata tone moja ni la kupeleka hospitali.

Nilikopimwa nilikabidhiwa karatasi ya Kiingereza dirishani, basi. Nililala nayo siku tatu chini ya mto. Ndiyo maana naandika haya.

Ukienda, mwambie mpimaji hedhi yako ya mwisho ilianza lini, au ilikoma mwaka gani, na dawa unazotumia, hasa za homoni au tamoksifeni ya saratani ya matiti. Kipimo cha juu ya tumbo kinataka kibofu kimejaa. Cha kupitia ukeni, kojoa kwanza.

Kwenye karatasi tafuta neno linaloanza na "endo" lenye namba pembeni. Huo ni unene wa ukuta wa ndani wa kizazi. Angalia kama ni milimita au sentimita, maana 1.1 ya sentimita ndiyo 11 ya milimita. Kwa aliyekoma hedhi akatokwa damu, milimita 4 kushuka chini hutuliza moyo, ingawa damu ikirudi na wewe urudi. Ikizidi hapo, kwa kawaida daktari atataka kuchukua kinyama kipimwe. Yangu ilikuwa 11. Nilichukua futi yangu ya kushonea nikaipima: upana wa kifungo cha shati. Kwa binti yangu, ambaye bado anaona siku zake, 11 hiyohiyo inaweza kuwa kawaida kabisa, kwa sababu ukuta wake hunenepa na kubomoka kila mwezi. Namba haisomwi bila umri.

Ukiambiwa una faibroidi, yaani uvimbe wa kizazi usio saratani, uliza iko wapi kabla ya kuuliza ukubwa. Ndogo iliyochomoza ndani ya kizazi hutoa damu kuliko kubwa iliyoning'inia nje. Kizazi kilichoelekea nyuma ni maumbile tu, kisikukoseshe usingizi.

Wewe ambaye bado unaweza kushika mimba, pima mimba kwanza. Mimba ipo, kizazi kitupu, tumbo linauma: usisubiri kesho, mimba inaweza kuwa nje ya kizazi.

Jambo wengi hawaambiwi: ultrasaundi haitoshi kukagua shingo ya kizazi. Omba iangaliwe kwa macho, hata kama karatasi ni safi. Na picha peke yake haiwezi kukuambia una saratani au huna.

Mimi nilipanda daladala hadi Mtwara mjini kwa daktari wa wanawake, nikamwambia, "Daktari, nisomee kwa Kiswahili, mstari kwa mstari." Alinisomea. Kinyama kilichukuliwa, kikaonekana ni kinundu kisicho na saratani, kikatolewa. Karatasi iko kwenye droo ya cherehani, ile 11 nimeizungushia chaki.