Hati ya Mashtaka Ikiwa na Makosa: Namna ya Kuisoma na Hatua za Kuchukua

Wengi hapa Tabora huamini kwamba jina la mshtakiwa likikosewa herufi moja, kesi imekufa. Sivyo. Masanja akiandikwa Massanja, hakimu huruhusu jina lisahihishwe na kesi huendelea, kwa sababu kinachopimwa ni kama kosa hilo lilimzuia mshtakiwa kuelewa anashtakiwa kwa lipi na kujitetea ipasavyo.

Ombeni nakala ya hati mapema na msome kwanza sehemu inayoeleza tukio: nani, lini, wapi, alifanya nini na dhidi ya nani. Linganisheni kila neno na ushahidi unaotolewa. Kifungu kilichonukuliwa vibaya mara nyingi husameheka iwapo maelezo ya tukio yanajitosheleza, na kifungu cha 388 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai (Sura ya 20; namba za vifungu hapa ni za Toleo la 2022) kinaruhusu hukumu kubaki pale ambapo haki haikupotea. Lakini katika unyang'anyi wa kutumia silaha, hati isiyomtaja mtu aliyetishiwa au kupigwa imekosa kiini cha kosa lenyewe. Vivyo hivyo umri: katika shtaka la kumbaka mtoto, ambalo halihitaji kuthibitisha kwamba hakuridhia, miaka 17 ikichapwa 19 msingi wa shtaka unatoweka. Tarehe na mahali vina utata zaidi. Hati ikisema tukio lilitokea Ipuli na mashahidi wote wakasema ni Isevya, upande wa mashtaka unapaswa kuomba marekebisho. Upande huo ukinyamaza hadi mwisho, wakili wa utetezi ana hoja nzito kwamba shtaka lililoandikwa halikuthibitishwa.

Marekebisho yenyewe yana utaratibu wake chini ya kifungu cha 234, na hapa ndipo naona washtakiwa wasio na wakili wanapopoteza haki bila kujua. Hati ikibadilishwa, mshtakiwa lazima asomewe upya na aulizwe kama anakubali au anakana, kisha anaweza kuomba mashahidi waliokwisha kusikilizwa waitwe tena ili awahoji. Asiposomewa, mwenendo wa kesi unaofuata unaweza kubatilishwa.

Kuhusu wakati wa kuibua hoja, shaurianeni na wakili kwanza. Hoja ikiibuliwa mapema, mwendesha mashtaka anaweza kuondoa kesi ili akairekebishe hati. Akiiondoa kabla mshtakiwa hajaitwa kujitetea, mshtakiwa huachiwa tu, naye anaweza kukamatwa tena na kufunguliwa shtaka lililonyooshwa. Ikiondolewa baada ya hapo, kifungu cha 98 kinataka aachiwe huru kabisa.

Akitiwa hatiani na mahakama ya wilaya, taarifa ya nia ya kukata rufaa Mahakama Kuu itolewe ndani ya siku 10, na hati ya rufaa iwasilishwe ndani ya siku 45, bila kuhesabu muda wa kusubiri nakala za mwenendo wa kesi na hukumu.